Goli moja tu, akabwaga manyanga!

  Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mgonjwa ni goti la kaka yangu, na goti hilo ndilo lililonifanya leo niweke pembeni stori za mapenzi na mitindo ya nywele, nikuletee habari ya Mmarekani mmoja anayeitwa Mike Eruzione.

Usiniulize kwanza goti la Mswahili wa Mwananyamala linahusiana vipi na mcheza hoki wa kwenye barafu. Twende taratibu, utaona mwenyewe.

Huyu kaka ni mtoto wa mama mkubwa, tumelelewa nyumba moja. Ana miaka 31 na ni mshambuliaji. Alianza kuhangaika na timu za madaraja ya chini akiwa na miaka 18, na mpaka leo yumo. Amecheza mikoa minne. Amelala kwenye mabasi, amelala madarasani juu ya madawati, amedai posho mpaka kudai kumekuwa sehemu ya mazoezi. Kuna mwaka alibakiza kidogo tu asajiliwe na timu kubwa. Viongozi wakamwambia asubiri wiki mbili, na wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo. Sasa goti la kulia limechoka. Akicheza dakika tisini, asubuhi yake linavimba kama andazi.

Mjomba wetu ana duka la spea za magari Kariakoo. Amemwambia njoo ukae dukani ujifunze biashara, ila nipe jibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana kuna kijana mwingine anaulizia. Kaka hajajibu. Kijiweni washikaji wote wanampa neno moja tu: usikate tamaa! Si unajua vijiwe vyetu. Neno hilo ni la bure, na anayekupa hatakuchangia hata shilingi ya kodi ya chumba.

Basi Jumapili moja tukaingia kibanda cha video kupoteza muda. Wakaweka filamu inaitwa Miracle, ya mwaka 2004, Kurt Russell ndani yake anacheza kocha mkali. Mtafsiri wetu, ambaye kwa filamu za ngumi humuwezi, siku hiyo alichemsha. Kila aliposhindwa alisema, "Hapa jamaa wanacheza magongo ndani ya friji!" Ukumbi mzima ukafa kwa kicheko. Ila kaka hakucheka. Filamu ilipoisha akaniuliza, "Dogo, yule kapteni baada ya hapo alikwenda timu gani?"

Sikujua. Nikaenda kutafuta. Jibu lake ndilo makala yenyewe.

Mchezo wa ndani ya friji

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo. Hoki ya barafuni wanacheza watu sita sita, golikipa akiwemo. Badala ya daluga wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini kama kisu, wanateleza kwa kasi ya pikipiki. Badala ya mpira kuna kidude cheusi cha mpira mgumu, bapa kama kisosi. Mimi nitakiita kisahani. Wanakipiga kwa gongo refu lililopinda mwishoni. Vipindi ni vitatu vya dakika ishirini kila kimoja, na mchezaji huingia na kutoka mchezo ukiendelea, kwa sababu ile kasi hakuna pafu linaloimudu kwa muda mrefu. Na kukumbana ni ruksa. Ukibanwa ukutani na jitu la kilo tisini, utajua hujui.

Huko Marekani na Kanada mchezo huu una ngazi zake kama soka letu. Juu kabisa kuna ligi inayoitwa NHL, huko ndiko kwenye pesa na majina. Chini yake kuna ligi ndogo ndogo, za miji ya kawaida, za mabasi ya usiku na mishahara ya kubangaiza. Ubavuni kuna vyuo vikuu, ambako kijana anacheza huku anasoma. Chuo kinaweza kumlipia masomo, yeye anakilipa kwa magoli na jasho. Wala usidhani ni mambo ya Wazungu tu. Mtanzania wetu Suleiman Nyambui alipita mfumo huo huo kwa upande wa riadha, akakimbilia chuo kikuu cha Texas kule El Paso na kukusanya mataji ya vyuo. Huyo Nyambui mshike hapo hapo, tutamrudia.

Mtoto wa Winthrop

Eruzione alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1954 katika mji wa Winthrop, kando ya bahari, pua na mdomo na jiji la Boston. Ukoo wake una asili ya Italia, na kwa Kitaliano jina lake maana yake ni mlipuko, kama ule wa volkano. Ni ukoo wa wachapakazi wa kawaida, ndugu wengi, watu wa mtaani kama mimi na wewe.

Hakuwa mtoto wa ajabu ambaye mawakala wanapigana mlangoni kwao. Alipomaliza sekondari ilibidi apite kwanza mwaka mmoja kwenye shule nyingine kule Maine, ndipo akaingia Boston University mwaka 1973. Pale akachanua. Miaka minne, mpaka 1977, alikusanya pointi zaidi ya 200, ukijumlisha magoli na pasi za magoli, na msimu wa mwisho akawa kapteni. Kwa chuo hicho ni rekodi ya kujivunia.

Sasa sikia. Pamoja na yote hayo, timu za NHL zilipokaa kugawana vijana kama zinavyofanya kila mwaka, hakuna hata moja iliyotaja jina lake. Hata moja!

Kaka yangu nilipomsomea hapo alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ndugu yake.

Eruzione akafanya kile anachofanya mchezaji yeyote ambaye wakubwa hawamtaki. Akaenda kwa wadogo. Akaingia timu ya Toledo Goaldiggers, mji wa Toledo, jimbo la Ohio, katika ligi iliyoitwa International Hockey League. Jina kubwa hilo lisikutishe, ilikuwa ligi ya chini. Akacheza misimu miwili, kuanzia 1977 hadi 1979. Mwaka 1978 Toledo walichukua kombe la ligi hiyo, Turner Cup, naye akiwemo. Shangwe za mji mmoja, kisha kesho yake maisha yanaendelea. Miaka 24, kombe la ligi ndogo kabatini, simu ya wakubwa haijalia. Unaujua huo umri msomaji wangu. Ndio umri ambao mama anaanza kuuliza, "Hivi mwanangu, hiyo kazi yako itakufikisha wapi?"

Kocha mkali kuliko pilipili

Mwaka 1979 kocha mmoja anaitwa Herb Brooks, kutoka chuo kikuu cha Minnesota, alipewa kazi ya kuunda timu ya taifa ya Marekani kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1980, mji wa Lake Placid, jimbo la New York. Brooks mwenyewe alikuwa na kidonda cha zamani. Mwaka 1960 alikatwa kwenye timu ya Olimpiki dakika za mwisho kabisa, kisha timu hiyo hiyo ikaenda kuchukua dhahabu yeye akiwa nyumbani. Mtu wa namna hiyo akiwa kocha, jiandae.

Enzi hizo Olimpiki ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu, mastaa wa NHL walikuwa hawaruhusiwi. Kwa hiyo Brooks aliokota vijana wa vyuo, wengi wa miaka 21 na 22. Ligi ya Eruzione ilikuwa ndogo kiasi kwamba bado alihesabika wa ridhaa. Unaona mambo? Kudharauliwa na NHL ndiko kulikomwachia mlango wazi. Akajiunga akiwa mmoja wa wakubwa kwa umri, na akapewa ukapteni.

Septemba 1979 walicheza mechi ya kirafiki Oslo, Norway, wakatoka sare 3 kwa 3. Brooks aliona vijana wanacheza huku macho yako jukwaani. Mechi ilipoisha hakuwaruhusu kwenda kubadili nguo. Aliwarudisha uwanjani wakimbizane kwenye barafu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka wahudumu wa uwanja wakazima taa. Wakaendelea gizani. Hiyo ipo kwenye filamu, na ni kweli ilitokea.

Wala kapteni hakuwa na kinga. Siku zilipokaribia, Brooks alimtishia hata Eruzione kwamba anaweza kumwacha kwa kuwa kiwango hakimridhishi. Fikiria, wewe ndiye kapteni, na bado hujui kama jina lako litabaki kwenye karatasi.

Warusi, Ali na Mwalimu

Ili uelewe kilichotokea, lazima uwajue Wasovieti. Hawa walikuwa wamechukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1964, 1968, 1972 na 1976, mara nne mfululizo. Kwenye karatasi walikuwa wa ridhaa, wengi wao wanajeshi, lakini kazi yao ya mchana na usiku ilikuwa hoki. Golini alisimama Vladislav Tretiak, ambaye wengi walimhesabu golikipa bora duniani. Februari 1979 waliwakuta mastaa wa NHL waliochaguliwa mmoja mmoja, wakawafunga 6 kwa 0. Na tarehe 9 Februari 1980, siku chache kabla ya Olimpiki, walikutana na vijana wa Brooks kwenye ukumbi wa Madison Square Garden. Matokeo ni 10 kwa 3. Kumi! Hicho si kipigo, hicho ni kilo na mfuko wake.

Na dunia yenyewe ilikuwa imechafuka. Wasovieti waliingiza majeshi Afghanistan Desemba 1979. Wamarekani walikuwa na watu wao wameshikwa mateka Iran tangu Novemba mwaka huo. Rais Jimmy Carter akawa anahimiza mataifa yasusie Olimpiki ya kiangazi ya Moscow iliyokuwa inakuja mwaka huo huo wa 1980.

Hapo ndipo sisi Waswahili tunapoingia kwenye stori. Mwanzoni mwa Februari 1980 Carter alimtuma Muhammad Ali, bondia mwenyewe, azunguke Afrika kuomba nchi zisiende Moscow. Ali akatua Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Jambo la kitaifa unamtuma mcheza ngumi? Waandishi nao wakambana Ali kwa maswali. Tanzania mwaka 1976 ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Marekani haikuungana nasi. Kwa nini leo tuwafuate wao? Kenya ilikubali kususia Moscow. Tanzania ikaenda, na ikarudi na medali mbili za fedha, moja ya Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nyingine ya Suleiman Nyambui, yule yule wa Texas, kwenye mita 5,000. Mpaka leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo.

Nakumbushia hayo kwa sababu moja. Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, lakini mwaka 1976, mwili ukiwa bado wa moto, hakukimbia Olimpiki kwa sababu ya susio. Mchezaji hapangi yeye wakati wake wa kuwa juu. Unakuja wenyewe, na mara nyingine unakukuta umekaa nyumbani.

Dakika ya kumi

Wamarekani walianza mashindano kwa kuponea chupuchupu. Tarehe 12 Februari walisawazisha na Sweden zikiwa zimebaki sekunde 27, ikawa 2 kwa 2. Kisha wakawachapa Chekoslovakia 7 kwa 3, na watu wakaanza kukaa vizuri kwenye viti. Wakazifunga Norway, Romania na Ujerumani Magharibi. Ijumaa tarehe 22 Februari wakakutana na Wasovieti.

Wasovieti wakatangulia, Marekani wakarudisha. Wasovieti wakaongeza la pili. Ikiwa imebaki sekunde moja kipindi cha kwanza kiishe, Mark Johnson akaruka kwenye kisahani kilichotemwa na Tretiak, akafunga, 2 kwa 2. Kocha Viktor Tikhonov akapandwa na hasira, akamtoa Tretiak na kumweka Vladimir Myshkin. Kumtoa golikipa bora duniani! Miaka iliyofuata Tikhonov mwenyewe alikiri kwamba lilikuwa kosa kubwa.

Kipindi cha pili Wasovieti walitawala mchezo wakawa mbele 3 kwa 2. Golikipa wa Marekani, Jim Craig, alikuwa anapigwa mashuti kama ukuta wa mazoezi. Mpaka mechi inaisha Wasovieti walikuwa wamepiga mashuti 39 golini, Wamarekani 16 tu. Kipindi cha tatu Johnson akasawazisha tena, 3 kwa 3.

Dakika ya kumi ya kipindi hicho cha mwisho, kapteni wetu ndiyo kwanza ameingia kutoka benchi. Mark Pavelich akapigania kisahani karibu na ukuta, akakisukumia katikati. Eruzione akakipokea yuko peke yake. Mbele yake amesimama beki wa Kisovieti, na beki huyo akamziba macho golikipa wake mwenyewe. Eruzione akapiga. Myshkin alipokiona kisahani, tayari kimeshapita.

4 kwa 3!

Zikabaki dakika kumi ambazo kila Mmarekani aliyekuwepo pale anasema zilikuwa ndefu kuliko mwaka mzima. Wasovieti walishambulia, Craig akadaka, filimbi ikalia. Mtangazaji wa televisheni ya ABC akawauliza watazamaji kama wanaamini miujiza, na tangu siku hiyo mechi inaitwa hivyo, Muujiza wa Barafuni.

Wengi wanadhani dhahabu ilipatikana siku hiyo. La! Jumapili tarehe 24 walikuwa bado na Finland, na mpaka kipindi cha pili kinaisha walikuwa nyuma 2 kwa 1. Wangeteleza hapo, muujiza wote ungekuwa hadithi ya kijiweni. Wakafunga matatu kipindi cha mwisho, wakashinda 4 kwa 2. Wakati wa kupigiwa wimbo wa taifa, enzi hizo jukwaani alikuwa akipanda kapteni peke yake. Eruzione alisimama, wimbo ulipoisha akageuka, akawaita wenzake wote kwa mkono. Watu ishirini wakabanana kwenye kijukwaa cha mtu mmoja kama abiria wa daladala ya Mbagala. Kama hujawahi kuiona picha hiyo, itafute.

Alikwenda timu gani?

Sasa turudi kwenye swali la kaka. Baada ya hapo alikwenda timu gani?

Hakwenda timu yoyote, msomaji wangu.

Wenzake 13 kati ya wale 20 walikwenda NHL. Ken Morrow aliingia New York Islanders mara tu baada ya Olimpiki, akachukua kombe kubwa la Stanley Cup mwaka huo huo, na akalichukua mara nne mfululizo. Neal Broten alicheza zaidi ya mechi 1,000 za NHL. Eruzione naye alitakiwa, New York Rangers walikuwa tayari kumpa mkataba. Mlango ule ule ambao miaka mitatu nyuma hakuna aliyemfungulia, sasa uko wazi na taa imewashwa.

Akakataa. Akiwa na miaka 25, akabwaga manyanga. Maelezo yake miaka yote yamekuwa mepesi, kwamba hakuona ndani ya mchezo kitu kingine ambacho kingempandisha juu ya pale alipokuwa amesimama.

Unaweza kusema alikuwa mwoga. Mimi nilidhani hivyo mwanzoni. Lakini piga hesabu yake vizuri. Alijijua. Alikuwa mchezaji mzuri wa chuo, mzuri wa ligi ndogo, na kapteni ambaye wenzake wanamfuata. Hakuwa Broten. Angekwenda NHL pengine angekaa benchi misimu miwili, akarudishwa ligi ya chini, na watu wangesema, "Yule si ndiye aliyewafunga Warusi? Kumbe kiwango chenyewe ndicho hiki?" Yeye aliamua lile goli libaki kuwa neno lake la mwisho.

Na akaishi nalo. Alikuwa mtangazaji wa hoki kwenye Olimpiki zilizofuata. Akarudi Boston University, akafundisha kama kocha msaidizi na kufanya kazi za chuo kwa miaka mingi. Amezunguka makampuni na mashule akihadithia dakika ile ile ya kumi. Mwaka 2002, Olimpiki ya Salt Lake City, yeye na wenzake ndio waliowasha mwenge mkuu. Kwao Winthrop uwanja wa barafu una jina lake. Mwaka 2013 aliuza kwa mnada jezi aliyoivaa siku ile, ikaenda kwa zaidi ya dola 600,000. Medali akabaki nayo. Lile shuti halikuchukua hata sekunde moja. Limemlea yeye na wanawe.

Lakini usidhani kila aliyekuwepo barafuni siku ile alitoka na bahati hiyo. Mark Wells, kijana wa chuo cha Bowling Green, alikuwa kwenye timu ile ile na alivaa dhahabu ile ile. Yeye aliendelea kutafuta nafasi ya juu, akaishia kuzunguka ligi ndogo mpaka akaacha, bila kucheza hata mechi moja ya NHL. Baadaye akapatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo uliomlaza kitandani, na ikafika siku akaiuza medali yake. Mwaka 2010 medali hiyo ilipigwa mnada na aliyekuwa ameinunua kwa zaidi ya dola 300,000. Wells alifariki mwaka 2024. Simsemi kwa ubaya, Mungu amrehemu. Ugonjwa hauchagui nani aliacha mapema na nani alichelewa. Namtaja ili tusidanganyane kwamba medali peke yake ni pensheni.

Neno la kaka

Yote hayo nilimsimulia kaka usiku mmoja barazani, yeye ameweka mguu juu ya ndoo, goti limefungwa kitambaa cha maji ya moto. Nilijiona mwalimu kweli kweli. Nilipomaliza akanitazama, akasema:

"Dogo, stori nzuri. Ila yule mzungu wako aliacha akiwa na goli mkononi. Mimi naacha nikiwa na nini?"

Msomaji wangu, nilinyamaza. Sikuwa na jibu. Kuacha ukiwa juu ni rahisi kuandika, lakini wangapi wamefika huko juu? Wengi wetu tuko Toledo. Tuna kikombe kimoja ambacho hakuna anayekikumbuka, na tunasubiri simu.

Nimelala na swali hilo siku tatu. Nilichokipata ni hiki, na ukiona nakosea niandikie kupitia gazeti hili unikosoe.

Eruzione hakuacha kwa sababu ya goli tu. Aliacha kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda. Ile miaka minne ya chuo hakucheza tu, alisoma. Alikuwa na mji unaomjua, chuo kilichompenda, na akili ya kujipima bila kujidanganya. Goli lilimpa heshima ya kuagia, lakini mlango wa kutokea alikuwa nao kabla. Mchezaji wetu wa hapa mara nyingi anajengewa mlango wa kuingilia tu. Mtoto wa miaka 15 anaacha shule aende kambini, hakuna anayemuuliza siku goti likigoma atatokea wapi. Kisha akifika miaka 31 tunamwambia asikate tamaa, kana kwamba tamaa ndiyo iliyobaki kwenye goti.

Kwa hiyo nikamrudia kaka, nikamwambia: "Bro, mjomba ndiye mlango wako. Hauna taa za Olimpiki, una harufu ya grisi, lakini ni mlango. Na miaka 13 ya kucheza haipotei. Hapa mtaani kuna watoto wangapi wanaojua kupiga mpira ila hawana wa kuwaelekeza?"

Hakunijibu. Alichukua daluga zake chini ya kitanda, akazifuta vumbi taratibu, akazirudisha pale pale. Nikajua nimeshindwa.

Ila juzi mama mkubwa kanichekesha. Ananiambia kaka yako kampigia simu mjomba. Hakusema anakuja, wala hakusema haji. Aliuliza kitu kimoja tu: Jumamosi duka linafungwa saa ngapi, kwa sababu jioni angependa kuwa uwanjani na watoto.

Mwezi bado haujaisha. Tutajua.

Kwa leo naishia hapa, msomaji wangu. Wewe je, uko Toledo au umeshaitwa? Na siku ya kutoka ikifika, mlango unaujua? Tafakari, kisha tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Alamsiki!